Ushahidi wa Geji: Utambuzi wa Hitilafu na Ubadilishaji wa Vipimo vya Injini katika Ndege za Kujiundia

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna ya kutambua hitilafu katika vipimo vya injini ya ndege ya kujiundia na namna ya kuvibadilisha. Hoja yake kuu ni kwamba namba anayoisoma rubani si hali ya injini yenyewe, bali ni ushahidi uliosafirishwa kupitia kihisi, waya, ethi na kionyeshi, na kila kiungo kinaweza kuupotosha kwa namna yake. Mifano mingi imetolewa katika injini ya Lycoming O-360 yenye silinda nne, ambayo hutumika sana katika ndege hizo nchini Marekani. Makala inatetea msimamo kwamba kifaa kisibadilishwe kabla kosa lake halijathibitishwa kwa kupimwa.

1.0 Utangulizi

Sheria ya usafiri wa anga ya Marekani inamruhusu mtu kujiundia ndege, kuisajili na kuirusha, ilimradi sehemu kubwa ya kazi ya kuiunda imefanywa na watu walioifanya kwa nia ya kujifunza au kujiburudisha. Harakati hizi si ngeni. Chama cha waundaji, EAA, kilianzishwa na Paul Poberezny katika jimbo la Wisconsin mwaka 1953. Na kampuni ya Van's Aircraft, iliyoanzishwa na Richard VanGrunsven mwaka 1973, imeuza vifaa vya kuundia ndege za aina ya RV ambazo zaidi ya 10,000 zimekwisha kukamilika na kuruka.

Linaloihusu makala hii ni matengenezo. Kanuni za Sehemu ya 43, ambazo humbana fundi wa ndege ya kiwandani, haziigusi ndege ya kujiundia. Mmiliki anaweza kung'oa kipimo kimoja na kufunga kingine bila kuhitaji saini ya fundi mwenye leseni. Saini hiyo, au ya muundaji aliyepewa cheti cha kuikagua ndege yake, hudaiwa katika ukaguzi wa hali ya ndege unaofanywa kila mwaka. Kati ya ukaguzi mmoja na mwingine, anayeamua kwamba kipimo kimeharibika, anayekibadilisha na anayeruka nacho aghalabu ni mtu yuleyule. Hakuna jicho la pili. Akiukosea uchunguzi wake, wa kwanza kulipia kosa hilo ni yeye na abiria aliyeketi pembeni yake.

Kuna suala la istilahi linalopaswa kuwekwa wazi mapema. Katika gereji za Afrika Mashariki neno geji hubeba mambo mawili kwa pamoja: kile kinachopima na kile kinachoonyesha. Fundi akisema "geji imekufa", hajasema ni kipi kati ya hivyo kilichokufa. Katika mazungumzo ya kila siku hilo halina madhara, lakini katika uchunguzi wa hitilafu ni kikwazo, kwa sababu lugha yenyewe humwelekeza mtu kununua kifaa kilicho mbele ya macho yake. Kwa hiyo makala hii inatumia neno kihisi kwa kifaa kilichofungwa kwenye injini, kionyeshi kwa kile kilicho kwenye dashibodi, na geji kwa mfumo mzima pamoja na nyaya zake.

2.0 Kionyeshi kizima, ushahidi wa uongo

Mfano unaoonyesha vizuri uzito wa jambo hili hautoki kwenye ndege ndogo. Tarehe 13 Januari 1982, ndege aina ya Boeing 737 ya shirika la Air Florida, safari namba 90, iliruka kutoka Washington wakati theluji ikianguka. Mfumo wa kuzuia barafu kwenye injini haukuwa umewashwa, na vihisi vya shinikizo kwenye mdomo wa injini viliziba kwa barafu. Vionyeshi vya uwiano wa shinikizo, ambavyo marubani walivitumia kupimia nguvu ya injini, vilisoma 2.04, ilhali nguvu halisi ililingana na takriban 1.70. Ndege haikuweza kupanda. Iligonga daraja la 14th Street na kutumbukia katika mto Potomac. Watu 78 walipoteza maisha, wakiwamo wanne waliokuwa darajani.

Vionyeshi vya ndege ile havikuwa vibovu. Vilionyesha kwa uaminifu kile vilichoambiwa. Aidha, mashahidi wengine walikuwapo: kasi ya mzunguko wa injini, halijoto ya moshi na mtiririko wa mafuta, vyote vilisoma chini ya kiwango kinachotarajiwa kwa nguvu ile iliyodaiwa. Rubani msaidizi alitamka zaidi ya mara moja kwamba mambo hayakuwa sawa. Kilichokosekana ni uamuzi wa kuwaamini mashahidi watatu waliokubaliana dhidi ya mmoja aliyependelewa. Muundaji wa ndege ndogo ana injini tofauti kabisa, lakini anakabiliwa na swali hilohilo kila sindano inapokwenda isikotarajiwa.

3.0 Shinikizo la oili

Miongoni mwa vipimo vyote, hiki ndicho kinachomshtua rubani kuliko kingine, na ana haki ya kushtuka. Kwa injini ya O-360, mwongozo wa mtengenezaji huweka shinikizo la kawaida kati ya paundi 55 na 95 kwa inchi ya mraba, na kima cha chini cha paundi 25 injini inapozunguka polepole. Likishuka hadi sifuri kwa kweli, injini inabakiwa na muda mfupi kabla vyuma havijashikana.

Geji za zamani zilifanya kazi kimakanika. Oili yenyewe ilipelekwa kwa paipu nyembamba hadi nyuma ya dashibodi, ikaingia katika mrija uliopinda, ubunifu wa Mfaransa Eugène Bourdon wa mwaka 1849, na mrija ukijaribu kunyooka huisukuma sindano. Mfumo huo hauhitaji umeme wala ethi, na ndiyo maana hadi leo ni shahidi mzuri wa kuitwa pale geji ya umeme inapotiliwa shaka. Kasoro yake ni kwamba huleta oili ya moto katika chumba cha rubani; paipu ikipasuka, huwamwagikia waliomo.

Geji za umeme zina tabia mbili zinazopingana, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Katika vihisi vya mtindo wa Ulaya, ukinzani huwa takriban omu 10 pasipo shinikizo na hupanda hadi kufikia omu 180. Katika mtindo mmoja mkongwe wa Marekani, ukinzani huanza omu 240 na kushuka hadi 33. Kwa hiyo waya uliokatika hauna maana moja. Katika mtindo wa kwanza, waya ukikatika sindano hukimbilia mwisho wa juu. Waya huohuo ukichubuka na kugusa chuma, sindano huanguka sifuri. Katika mtindo wa pili mambo hugeuka kinyume. Anayejua ana mtindo upi anaweza kuukisia ubovu akiwa bado ameketi kwenye kiti; asiyejua atabahatisha. Anayechanganya kihisi cha mtindo mmoja na kionyeshi cha mwingine atapata geji inayoshuka shinikizo linapopanda, na akaidhani injini ndiyo mbovu.

Vihisi vya kisasa vina nyaya tatu: hupewa volti 5, vina ethi yao, na hurudisha kati ya volti 0.5 na 4.5. Uzuri wake ni kwamba vinahesabika. Kihisi cha paundi 0 hadi 150 kikipewa paundi 60 kinapaswa kutoa 0.5 + (4 × 60 ÷ 150), yaani volti 2.1. Jaribio hilo halihitaji maabara. Kihisi hufunguliwa, huunganishwa na pampu ya baiskeli yenye geji yake, hupewa umeme, na multimita husoma jibu. Likilingana katika vituo vitatu au vinne, kihisi hakina hatia na uchunguzi uhamie kwingine. Aidha, usomaji wa volti 0 kamili si shinikizo la sifuri, kwa kuwa sifuri ya kweli ni volti 0.5, volti 0 ni waya uliokatika au kihisi kilichokosa umeme. Kionyeshi kizuri hutofautisha mambo hayo mawili, lakini si vyote vinavyofanya hivyo.

Mahali pa kufungia kihisi nako kuna uzito. Kihisi kizito kilichoning'inizwa moja kwa moja kwenye injini kwa kiungo cha shaba nyeupe hutikiswa hadi kiungo kipasuke, na hapo geji iliyowekwa kulinda oili huwa ndiyo njia ya kuimwaga. Utaratibu unaokubalika ni kukifunga kwenye ukuta wa kuzuia moto na kukiunganisha kwa mpira wa shinikizo, ukianzia kwenye kiungo chenye tundu dogo sana upande wa injini, ili mpira ukipasuka oili ivuje polepole. Kwa vihisi vya waya mmoja vinavyopata ethi kupitia hesi zake, utepe wa kuzuia uvujaji ni adui: hutenganisha chuma na chuma, na vipande vyake vinaweza kuingia katika njia za oili.

Wakati wa kuruka, kanuni ni ile ya wahenga: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Shinikizo likionekana kuanguka, rubani huitazama halijoto ya oili, lakini haisubiri impe ruhusa ya kutua. Halijoto iliyotulia ni dalili nzuri tu. Oili ikiwa imekwisha kabisa, kihisi cha halijoto kinaweza kubaki bila kitu cha kupima. Uchunguzi wa nani amesema uongo ni kazi ya kufanyiwa chini.

4.0 Halijoto za silinda na za oili

Joto la vichwa vya silinda hupimwa kwa themokapo, yaani nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa ncha. Thomas Johann Seebeck aliona mwaka 1821 kwamba viungo vya metali mbili vikiwa na halijoto tofauti, umeme hujitokeza. Kwa vichwa vya silinda hutumika kwa kawaida aina ya J, chuma na konstantani, inayotoa takriban mikrovolti 52 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Kwa moshi wa injini hutumika aina ya K, inayotoa takriban 41. Kiasi hicho ni kidogo mno, na hesabu yake hutegemea tofauti ya joto kati ya ncha mbili, si joto la ncha moja.

Hapo ndipo kosa la kawaida linapozaliwa. Waya wa themokapo ukiwa mfupi, fundi huurefusha kwa waya wa shaba wa kawaida. Tuchukulie kwamba kiungo hicho kiko ndani ya boneti ambako kuna nyuzi 60, na kionyeshi kiko kwenye chumba chenye nyuzi 25. Nyuzi 35 zimepotea njiani: kichwa chenye nyuzi 230 kitasomwa takriban 195. Kikomo cha O-360 ni nyuzi 260, sawa na 500 za Farenhaiti, kwa hiyo rubani huona ana nafasi kubwa kuliko aliyo nayo. Kosa hili ni baya kuliko geji iliyokufa, kwani geji iliyokufa hujulikana. Waya wa kurefushia lazima uwe wa metali zilezile. Ziko pia rangi za kuhadaa: katika mfumo wa Marekani waya mwekundu wa themokapo ni hasi, kinyume cha mazoea ya kila fundi wa betri. Nyaya zikigeuzwa, usomaji hushuka kadiri injini inavyopata joto.

Silinda moja ikisoma tofauti na wenzake, njia ya haraka ni kubadilishana. Nyaya za silinda ya tatu na ya nne hubadilishwa kwenye viunganishi. Ajabu ikibaki kwenye mstari uleule wa kionyeshi, kosa liko kwenye waya au kionyeshi. Ikihama, kosa ni la kihisi au la silinda. Hapo vihisi vyenyewe huhamishwa, na swali hupata jibu. Kazi hiyo ni ya saa moja na haigharimu kitu. Hata hivyo, kuna wanaoiruka na kuagiza kifaa kipya, kisha baada ya kukifunga hukuta silinda ileile ikiwaka kama mwanzo, kwa sababu ilikuwa kweli inawaka.

Halijoto ya oili, ambayo kikomo chake kwa injini hii ni nyuzi 118, mara nyingi hupimwa kwa themista, ambayo ukinzani wake hupungua joto linapopanda. Ukinzani wowote wa ziada, hata kutu kwenye ethi, huifanya oili ionekane baridi kuliko ilivyo. Kihisi hujaribiwa katika maji yanayochemka, kikiambatana na kipimajoto. Kipimajoto hicho ni cha lazima, kwa kuwa kiwango cha kuchemka hushuka takriban nyuzi moja kwa kila mita 300 za mwinuko. Anayefanya jaribio Nairobi atapata karibu nyuzi 94, si 100.

5.0 Ethi

Mwandishi anaona kwamba sehemu hii ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Alteneta imefungwa kwenye injini, na umeme wake hurejea kupitia ukanda unaounganisha injini na fremu au betri. Ukanda huo ukiwa na ukinzani wa omu 0.002 tu, mkondo wa ampea 60 huzaa volti 0.12 kati ya injini na dashibodi. Kihisi cha nyaya tatu kilichofungiwa ethi yake kwenye bloku ya injini, badala ya kurudishwa kwenye kionyeshi, kitabeba kosa hilo: kwa kihisi cha paundi 150 ni paundi 4.5. Kutu ikiongeza ukinzani hadi omu 0.02, kosa huwa paundi 45, na shinikizo halali la 75 husomwa 30.

Dalili yake inatambulika. Usomaji hubadilika pale taa za kutulia zinapowashwa au alteneta inapozimwa. Oili haijui kama taa zimewashwa. Sindano inayoruka pamoja na swichi inazungumzia umeme, si injini. Kwa kuwa mkondo wa kuchaji na ule wa kuwashia injini hupita ukanda huo kwa mielekeo inayopingana, geji ya aina hii husoma pungufu alteneta inapochaji na husoma ziada injini inapozungushwa na stata. Kipimo cha kuthibitisha ni multimita kati ya bloku ya injini na ncha hasi ya betri wakati stata inazunguka, mafuta yakiwa yamefungwa, magneto zimezimwa na hakuna mtu karibu na rafadha. Ikionekana zaidi ya sehemu chache za kumi za volti, ukanda usafishwe au ubadilishwe. Ukanda mbovu una hatari nyingine iliyo nje ya somo hili: mkondo wa stata hutafuta njia kupitia waya wa kaba na kuuunguza.

6.0 Kipima mizunguko

Hapa neno ni fupi, na ni la usalama. Baadhi ya geji za mizunguko huchukua ishara kwenye waya wa kuzimia magneto. Magneto huzimwa kwa kuugusisha waya huo na ethi. Waya ukikatika, magneto haizimiki tena, na rafadha ikisukumwa kwa mkono inaweza kuwasha injini. Kila anayegusa nyaya hizi aihesabu rafadha kuwa hai. Kwa upande wa pili, waya wa geji ukichubuka na kugusa chuma, magneto huzimika hewani. Kinga yake ni kizuizi cha takriban kiloomu 30 kilichowekwa karibu kabisa na magneto. Usahihi hupimwa kwa kifaa cha mwanga kinachohesabu mapanga yanayopita. Kikiwekwa kwa rafadha ya mapanga matatu ilhali ndege ina mawili, mizunguko 2,700 itasomwa 1,800.

7.0 Ubadilishaji

Baada ya kosa kuthibitishwa, kinachobadilishwa ni kiungo kilichokosa, isipokuwa muundaji ameamua kuhamia kwenye kionyeshi kimoja cha kielektroniki kwa vipimo vyote. Uamuzi huo una faida: kumbukumbu za kila safari huhifadhiwa, na paipu za oili na mafuta huondolewa katika chumba cha rubani. Unapaswa kufanywa kwa sababu hizo, si kwa matumaini kwamba kifaa kipya kitaponya ethi mbovu.

Kihisi na kionyeshi hununuliwa vikiwa vinalingana, na aina ya kihisi huchaguliwa kwenye mipangilio ya kifaa. Kila waya huwekewa lebo kabla haujafunguliwa. Ncha za nyaya hubanwa kwa koleo maalumu na hushikizwa zisitikisike. Matundu yaliyoachwa kwenye ukuta wa kuzuia moto hufungwa kwa chuma na lakiri inayohimili moto. Tundu lililosahauliwa huko ni mlango wa moshi. Uzito uliotolewa na ulioongezwa huandikwa katika hesabu ya mizani ya ndege.

Inapowezekana, geji ya zamani na mpya ziachwe pamoja kwa saa chache za mwanzo, zikiunganishwa kwa kiungo cha njia tatu. Tahadhari ni moja: vionyeshi viwili visitumie kihisi kimoja cha ukinzani, kwa kuwa kila kimoja hupeleka mkondo wake katika kihisi hicho na vyote viwili vitasoma visivyo. Kila kimoja kiwe na chake.

Geji ya mtiririko wa mafuta huhitaji urekebishaji wa kipekee, kwa kuwa kihisi chake huhesabu mapigo. Kikianza na kigezo cha mapigo 68,000 kwa galoni, na kikaonyesha galoni 22 ilhali pampu ya kituo imejaza 20, kigezo kipya ni 68,000 × 22 ÷ 20, yaani 74,800. Hesabu hiyo irudiwe kwa matangi kadhaa, kwani ujazo wa tangi hutofautiana kidogo kila mara.

Injini inapowashwa mara ya kwanza, shinikizo la oili lisipoonekana ndani ya sekunde 30, izimwe. Safari ya kwanza ifanywe juu ya uwanja, bila abiria, na usomaji uandikwe wakati wa kupanda, wa kwenda sawa na wa kushuka, alteneta ikiwa imewashwa kisha imezimwa. Katika daftari la ndege isiandikwe tu "geji imebadilishwa". Iandikwe dalili iliyoonekana, kiungo kilichokutwa na kosa, volti au omu zilizosomwa kabla na baada, na namba za vifaa vilivyotolewa na vilivyofungwa, ili atakayeikagua ndege mwakani aweze kurudia vipimo hivyohivyo na kulinganisha.